Nyumba ya likizo ya watu tisa: nimepata mbili, roho inasita kwa zote

Kifungua Mimba

Wakuu, habari za leo. Nimesoma nyuzi za humu muda mrefu bila kuchangia, leo nimekuja na langu.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu, na mwenye nafasi hii anajua maana yake: safari ya familia ikienda vizuri ni bahati, ikiharibika ni wewe. Safari hii tumekubaliana kukaa pamoja usiku sita, watu tisa. Mama ana miaka 71 na goti lake la kushoto halitaki ngazi. Mdogo wangu wa kike ana mtoto wa miezi minane anayelala saa moja jioni na kuamka saa kumi alfajiri akidai haki zake. Waliobaki ni watu wazima wenye akili timamu, ila shemeji yangu anakoroma kiasi kwamba lazima apewe chumba cha mbali, na hilo nalisema kwa heshima zote.

Hoteli tumeiondoa kwenye hesabu. Tukitawanywa vyumba vitano, mama ghorofa hii, mtoto ghorofa ile, hapo hatujakaa pamoja. Tunataka nyumba nzima yenye jiko letu na sebule inayotutosha sote. Nimebakiwa na mbili.

Ya kwanza iko kwenye tovuti kubwa inayojulikana. Ina tathmini 212, wastani 4.7, na picha nzuri mpaka nikaanza kuzitilia shaka. Bei ya usiku mmoja ilinivutia, lakini nilipofika hatua ya mwisho zikaibuka ada ya usafi, ada ya huduma na kodi, jumla ikapanda karibu theluthi nzima.

Ya pili ina tathmini 11, zote nyota tano. Nilimwandikia mwenyeji, akajibu ndani ya dakika mbili kwa adabu zote. Kwenye ujumbe wa tatu akaniambia tukimalizana nje ya tovuti, nikamtumia hela moja kwa moja benki, atanipunguzia asilimia 15. Kwa usiku sita na nyumba ya ukubwa huo, asilimia 15 si hela ya kutupa.

Kinachonitia hofu ni kwamba niliwahi kuungua. Miaka miwili iliyopita niliweka nafasi kupitia kampuni moja nisiyoitaja, tukapata msiba siku kumi kabla ya safari, nikaghairi. Hawakurudisha hata senti. Nilipopiga simu niliambiwa nisome masharti, nikayasoma, na kweli yalikuwapo, nilikuwa nimeyabofya mwenyewe "nakubali". Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela yenyewe.

Naomba mnisaidie. Nyumba mnazichaguaje? Na hela mnamkabidhi nani?

Jicho Nje

Huyo wa asilimia 15 mkimbie, usimuage.

Mshika Funguo

Dada Kifungua Mimba, pole na mzigo. Nimefanya kazi ya kusafisha nyumba za aina hii na kupokea wageni kwa miaka sita. Nyumba hazikuwa zangu, mimi nilikuwa yule anayekuja na funguo na ndoo. Wenye nyumba watakuambia yao, mimi nakuambia yanayoonekana kutoka upande wa ndoo.

Nianze na picha. Bosi wangu alikuwa na nyumba nne. Siku ya kupiga picha tulikuwa na mito miwili ya njano, mizuri haswa, na shuka zito la kijivu la kutandaza miguuni mwa kitanda. Vitu hivyo vitatu nilivibeba kwenye mfuko nyumba hadi nyumba. Mpiga picha anamaliza sebule ya kwanza, mimi nakunja, tunaingia kwenye gari, natandika sebule ya pili. Kwa hiyo mito ileile imo kwenye matangazo manne, na hakuna mgeni aliyewahi kuikuta. Wala hakuna aliyelalamika, nani atalalamikia mto? Lakini ukifungua matangazo mengine ya mwenyeji huyohuyo ukakuta pambo lilelile limehamia nyumba nyingine, ujue picha ni za maonyesho, na mengine yaliyomo kwenye picha yapime kwa kipimo hicho.

Halafu kuna lenzi pana. Mpiga picha anajibana kwenye kona, mgongo ukutani, na chumba kinatoka kama ukumbi wa harusi. Usitazame chumba. Tazama kitu ambacho ukubwa wake unaujua: jokofu, mlango, sinki. Jokofu likiwa limenenepa kama kabati la nguo, chumba kimevutwa. Na vitanda vihesabu kwa kidole, picha kwa picha, usisome namba waliyoandika. "Inalaza watu tisa" mara nyingi ni vitanda vitatu, makochi mawili ya kukunjua na matumaini.

Picha inayoniambia mengi kuliko zote ni ile ambayo haipo. Bafu likionyeshwa bomba tu, kwa karibu, kuna sababu ya kuonyesha bomba. Mtaa usipoonekana kabisa, kuna sababu. Na ngazi, dada, ngazi hakuna anayezipiga picha. Katika nyumba zile nne, moja ilikuwa na ngazi 23 za zege kutoka barabarani, na kwenye tangazo hazikuonekana hata moja. Nimebeba mabegi ya wazee pale nikiwaonea aibu.

Sasa tathmini. 212 ni nyingi na ni jambo jema, lakini usianze na wastani. Watu hutoa nyota tano kwa huruma, mwenyeji akiwa mpole tu wanampa. Zipange kuanzia mpya, usome za miezi sita ya karibuni, kisha utafute zenye nyota tatu na nne. Nyota moja mara nyingi ni ugomvi wa mtu na mtu. Nyota tatu ni mtu aliyetulia, anakwambia maji ya moto yaliisha baada ya watu wawili kuoga. Kwenu mko tisa, fikiria. Tafuta pia aliyekwenda na kundi kubwa kama lenu, kwa sababu wapenzi wawili waliokaa usiku mmoja hawajui kama choo kinahimili watu tisa.

Na usome majibu ya mwenyeji kwa waliolalamika. Anayejibu "samahani, fundi alikuja siku iliyofuata" ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayeandika aya tano kumtukana mgeni, nawe utaandikiwa zako.

Hayo yote ni ya nyumba. Kuhusu hela nitakuja baadaye, zamu yangu imeanza.

Bakora

Naona mnamtisha dada wa watu. Mimi nimelipa wenyeji moja kwa moja mara saba na sijaibiwa hata mara moja. Hizo kampuni hazina hata tofali, nyumba ni ya mwingine, kazi inafanywa na mwingine, wao wanakaa katikati wanakata juu na wanakata chini. Ada ya huduma ni ya huduma gani? Ya kukuonyesha picha? Zungumza na mwenyeji, mpigie simu ya video akuonyeshe nyumba, andikianeni mkataba, lipa nusu, malizia ukifika. Biashara ilikuwa ikifanyika hivyo kabla ya intaneti.

Mkia wa Mbuzi

Bakora simu ya video nayo siku hizi si ushahidi mkubwa. Mtu anaweza kuwa mgeni kwenye nyumba hiyo wiki hii, anakutembeza vyumba vyote kumbe funguo anazirudisha Jumapili.

Kifungua Mimba

Mkia wa Mbuzi umenimaliza kabisa, hilo sikuwa nimeliwaza.

Bakora, nakuelewa kaka, na moyo wangu ulikuwa upande wako mpaka jana. Lakini hela si yangu peke yangu. Tumechanga na ndugu zangu. Ikipotea yangu nitalia nitanyamaza. Ikipotea ya ndugu zangu nitaisikia kwenye kila sherehe mpaka nizikwe.

Mshika Funguo, tunakusubiri.

Mshika Funguo

Nimerudi.

Bakora, swali moja tu kaka: hizo mara saba, ni nyumba ngapi?

Bakora

Mbili. Moja mara sita.

Mshika Funguo

Asante kwa ukweli wako. Hapo hatugombani. Mwenyeji uliyelala kwake, unayemjua sura, aliyekurudishia chaja uliyoisahau, huyo mlipe hata mkononi, na ni kweli ada ya katikati ni hasara kwenu wote wawili. Ila dada hapa anazungumzia mtu asiyemjua, aliyemvuta nje ya tovuti kwenye ujumbe wa tatu.

Dada, ngoja nikuhadithie usiku mmoja, halafu utaelewa kwa nini nasema unachonunua kwa kampuni si picha.

Ilikuwa saa tano usiku, nimeshavua viatu, simu ikalia. Familia ya watu saba wako mlangoni mwa nyumba ya tatu, kijisanduku cha funguo hakifunguki. Nikaenda. Watoto wawili wamelala juu ya mabegi, baba amesimama ameshika simu na mwanga wake unammulika usoni. Nikajaribu namba, ikakataa. Nikampigia bosi. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Wapeleke ile ya nne, waambie ya tatu ina hitilafu ya maji." Haikuwa na hitilafu yoyote. Alikuwa ameipangisha kwa watu wawili kupitia njia mbili tofauti na waliotangulia walikuwa ndani, wamezima taa. Namba ya sanduku ameibadilisha mwenyewe mchana.

Nikawapeleka ya nne, sina la kujitetea. Ilikuwa ndogo, yenye harufu ya unyevu. Baba alikuwa amechoka, akasema basi tulale. Mama hakusema kitu. Alienda jikoni akafungua kabati moja baada ya jingine, anapiga picha. Akapiga picha vitanda, akapiga picha ukuta wenye ukungu, akarudi sebuleni akakaa na kumwandikia mwenyeji palepale, kupitia programu ya kampuni, si kwa namba ya simu. Maneno machache: tumefika saa fulani, tumeletwa nyumba isiyo yetu, hizi hapa picha. Kisha akawaandikia kampuni. Kesho yake saa nne asubuhi walikuwa wamehamishiwa kwingine na hela imerudi.

Wiki tatu baadaye mambo yakajirudia kwa kundi jingine. Hao walikuwa wamelipa benki, nje ya tovuti, kwa punguzo. Wakapiga simu, wakapiga simu. Bosi aliniambia nisipokee.

Niliacha kazi mwezi uliofuata, lakini si siku ileile, na hilo nalijua mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kampuni ni hili: usiku ule mlango usipofunguka, hela yako imeshikwa na nani? Ukilipa kwa uhamisho wa benki, iko kwa mwenyeji tangu siku uliyotuma, na benki kuirudisha ni kazi ngumu kwa sababu wewe mwenyewe uliidhinisha. Airbnb, mojawapo ya hizo tovuti kubwa za kukodisha nyumba, kwa kawaida huanza kumlipa mwenyeji takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, si siku unayolipa wewe. Maana yake saa zile za kwanza ndizo una nguvu. Ukikuta nyumba si ile, wanataka uwaarifu ndani ya saa 72 tangu ulipogundua tatizo, na unaanza kwa kumwandikia mwenyeji. Sasa watu wanafanya nini? Wanavumilia usiku sita, wanarudi kwao, wanafungua mabegi, ndipo wanalalamika.

Booking.com ni tofauti kidogo, na wengi wanachanganya. Hao walianzia Uholanzi mwaka 1996, na mpaka leo utakuta nyumba nyingine unalipia kwa kampuni, nyingine unalipia kwa mwenyeji ukifika, nyingine mwenyeji ndiye anayekata kwenye kadi yako. Yote yako kwenye tovuti moja. Soma nyumba yako inasema lipi. Vrbo, ambayo ni ya tangu 1995 na sasa iko chini ya Expedia, inapangisha nyumba nzima tu, haina vyumba vya kuchangia na mwenye nyumba, kwa hiyo kwa kundi kama lenu utafutaji wake una takataka chache. Sikuambii ipi ni bora. Nakuambia kila moja inashika hela kwa namna yake, na ujue namna hiyo kabla ya kubofya.

Kuna na kampuni ndogo zinazosimamia nyumba zenyewe, zina ofisi na watu wa zamu. Baadhi ni nzuri kuliko hizo kubwa, kwa sababu ukipiga simu anapokea mtu aliyewahi kuingia kwenye nyumba. Uzipime hivi: piga simu yao saa mbili usiku kabla hujalipa chochote. Akipokea mtu, muulize nyumba fulani ina vyoo vingapi. Asipojua lakini akasema "subiri niangalie", sawa. Ikilia mpaka ikakata, umeshajibiwa.

Lipa kwa kadi. Ukilipa kwa kadi ya mkopo na huduma haikutolewa, benki yako ina utaratibu wa kupinga malipo hayo. Si wa uhakika, una makaratasi, una kusubiri, lakini upo. Mtu akikuomba umtumie kadi za zawadi au sarafu za kidijitali, hapo hakuna cha kufikiria.

Mkia wa Mbuzi

Naongeza moja, na hii ilinipata mwenyewe. Niliweka nafasi kihalali kabisa, kwenye tovuti halali, kwa kadi. Siku nne kabla ya safari nikapata ujumbe ndani ya programu ileile, kwenye mazungumzo yaleyale na mwenyeji, jina langu, tarehe zangu, kila kitu sahihi: "Kadi yako imeshindwa kuthibitishwa, bofya hapa ndani ya saa 12 au nafasi itafutwa." Ukurasa ulikuwa na rangi zilezile na nembo ileile. Nikajaza. Kumbe akaunti ya mwenyeji ilikuwa imedukuliwa, na walioandika walikuwa wezi wakiwa ndani ya sanduku lake la ujumbe.

Benki ilinirudishia baada ya wiki tano za kuhojiwa kama mshitakiwa. Tangu hapo ujumbe wa malipo sibofyi hata ukitoka kwa mama mzazi. Naifunga, nafungua programu mwenyewe, naangalia sehemu ya malipo. Kama kuna tatizo la kweli litaonekana pale.

Jicho Nje

Saa 12, saa 24, "kuna watu watano wanaitazama nyumba hii sasa hivi". Ukiharakishwa, simama.

Kalamu ya Mkaa

Jamani, mmesahau sheria. Dada, angalia unakokwenda wanaruhusu nini. Jiji la New York tangu Septemba 2023 nyumba ya kukaa chini ya siku 30 lazima iwe imesajiliwa, mwenyeji awepo humohumo, na wageni wasizidi wawili. Watu tisa nyumba nzima kwa usiku sita pale haiwezekani kihalali, hata tangazo liwe zuri vipi. Japani walipoleta sheria yao Juni 2018, matangazo yasiyo na namba ya usajili yaliondolewa kwa maelfu na watu waliokuwa wameshaweka nafasi wakafutiwa safari zikiwa zimekaribia. Kama mji unadai namba ya usajili, itafute kwenye tangazo. Isipokuwepo, muulize mwenyeji. Hata hela ikirudi, watu tisa mtalala wapi?

Jingine dogo. Muulize kuhusu king'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi, hasa kama maji yanachemshwa kwa gesi. Kaboni monoksidi ni gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kuna mtoto mchanga humo ndani. Mimi nasafiri na changu, kinatosha kwenye mfuko wa koti.

Bakora

Na kamera je? Hilo hata mimi linanikera.

Mshika Funguo

Airbnb walizipiga marufuku ndani ya nyumba duniani kote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata kama mwenyeji ameitaja kwenye tangazo. Za nje zinaruhusiwa ila lazima aseme ziko wapi. Kampuni nyingine soma sera zao. Ukiikuta ndani, usiichomoe ukaitupa. Piga picha, ripoti, ondoka chumba hicho.

Dada, la mwisho kutoka upande wa ndoo. Mwandikie mwenyeji maswali matatu ambayo hawezi kuyajibu bila kuijua nyumba. Usiulize "je, nyumba inafaa kwa wazee?" Atasema inafaa, kila kitu kinafaa. Uliza ngazi ni ngapi kutoka gari linapoegeshwa hadi kitanda cha chini. Uliza nani anakuja usiku kukiwa na shida na anakaa umbali gani. La tatu tunga mwenyewe. Na uulizie ndani ya programu, ili jibu libaki pale.

Kuhusu kughairi, ule msiba wako wa zamani: sera si ya kampuni pekee, mara nyingi mwenyeji ndiye anayeichagua, na nyumba mbili jirani zinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Tafuta tarehe yenyewe, siku na saa, ambayo baada yake hela hairudi. Iandike kwenye kalenda ya simu yako, siku mbili kabla. Kundi la watu tisa lina goti, lina mtoto, lina mabosi wa kazini. Kuna mmoja atabadilika.

Kifungua Mimba

Nimerudi na mrejesho, siku tano baadaye. Samahani kwa kuwaweka.

Nimeanza na yule wa asilimia 15. Nilimwandikia kwa upole kwamba nitalipa bei kamili, bila punguzo, ila kupitia tovuti. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza siku nzima, yeye aliyekuwa akijibu kwa dakika mbili. Kisha akaandika kwamba bahati mbaya nyumba imepata mteja mwingine tarehe hizohizo. Nikafungua kalenda yake, tarehe ziko wazi, nyeupe pee. Nimeangalia tena leo asubuhi, bado ziko wazi. Nikazirudia zile tathmini 11: tisa ziliandikwa ndani ya wiki mbili, na hakuna hata moja iliyotaja kitu, jiko, kitanda, chochote. Zote "nzuri sana, tutarudi". Nimelitolea tangazo taarifa.

Nyumba ya kwanza, ile ya 212. Mama mwenyeji alijibu kila kitu, na kwa hili nampa heshima yake. Ngazi ni 11 kutoka gari hadi mlango, na tatu za chini hazina cha kushikia. Akanitumia picha aliyoipiga papo hapo, kivuli chake kimeonekana kwenye zege, pembeni kuna ufagio. Akasema waziwazi kwamba kama goti ni baya hatanishauri. Kwa hiyo nimeikosa nyumba kwa sababu ya mwenyeji mkweli, na sijui nicheke au nilie.

Nikarudi kutafuta, safari hii nikiweka kwanza vigezo vya ngazi na idadi ya vyoo, bei baadaye. Na kuna kitufe cha kuonyesha bei ya jumla pamoja na ada zote tangu mwanzo, kumbe kilikuwepo muda wote, nilikuwa natazama bei ya usiku kama mjinga.

Nimepata ya tatu. Picha zake mbaya jamani. Moja imepigwa usiku, nyingine kidole cha mtu kimeingia. Tathmini 38, wastani 4.8, na mojawapo ya nyota tatu inalalamika kwamba pazia la chumba kidogo halizuii mwanga wa asubuhi. Mtoto wetu anaamka saa kumi, mwanga wa asubuhi utamkuta macho. Mwenyeji alichukua saa sita kujibu, lakini alijibu yote matatu. Kidato kimoja tu mlangoni, chumba cha mama kiko chini, choo hatua nne kutoka kitandani, alizihesabu. Usiku anakuja kaka yake anayeishi nyumba ya nyuma. Swali langu la tatu lilikuwa maji ya moto yanatosha watu wangapi mfululizo. Akasema wanne, kisha tusubiri dakika ishirini. Huwezi kutunga jibu kama hilo.

Vitanda nimevihesabu kwa kidole. Saba, na kochi moja la kukunjua ambalo amelitaja mwenyewe kuwa si zuri kwa mtu mrefu. Namba ya usajili ipo. King'ora cha moshi kipo, cha kaboni monoksidi hakuwa nacho, amesema atakifunga kabla hatujafika, na nimemwambia anitumie picha kikiwa ukutani.

Nimelipa kwa kadi, ndani ya programu. Tarehe ya mwisho ya kughairi bila kukatwa ni siku 14 kabla, saa sita mchana, na kengele nimeiweka siku ya 16.

Bakora, tukiipenda, mwaka kesho nitamuuliza kuhusu punguzo.

Bakora

Hapo sasa tunaongea lugha moja.

Mshika Funguo

Mkifika, kabla hamjashusha mabegi, tembea vyumba vyote na simu yako, video moja, dakika mbili. Na chumba cha shemeji?

Kifungua Mimba

Kiko nyuma kabisa, baada ya mashine ya kufulia, milango miwili katikati. Bado hajaambiwa.